Glavu zetu ni karatasi za mkate: barua ya wazi kwa magavana na viongozi wa dini wa barabara ya Mombasa

Waheshimiwa magavana wa kaunti zote ambazo barabara ya Mombasa inazipitia, Machakos, Makueni, Taita Taveta, Kwale, Kilifi mpaka Mombasa yenyewe, na nyinyi viongozi wetu wa dini, mashekhe na maimamu, maaskofu, mapadre na wachungaji, na wazee wa mahekalu ya Masingasinga na ya Wahindu, nawasalimu nyote kwa heshima. Hii barua nimeikalia muda mrefu, kila nikitaka kuandika nasema wacha nipeleke ofisini, alafu nakumbuka ofisi ni nyingi na kila moja itaniambia hilo si letu, ndo nimeamua niwaandikie wote pamoja na iwe wazi kila mtu asome.

Mimi nauza chai na chapati Maungu, kati ya Voi na Mackinnon Road, kibanda changu kiko upande ule malori yanalala. Ni mtu wa kanisa, lakini mwezi wa Ramadhani nafungua saa tisa usiku manake madereva Waislamu wanataka daku na hawana mahali pengine pa kula saa hiyo. Nawaambia hivyo mjue tu kwamba sisi huku tushazoeana, hili jambo la dini mbalimbali kufanya kazi pamoja halikuja na semina, tunaishi hivyo.

Sasa usiku mmoja wa Ramadhani, unga nimeukanda, chai iko jikoni, tukasikia kishindo. Mtu anayekaa kando ya hii barabara anajua kile kishindo, si cha tairi kupasuka. Probox ilikuwa imeingia chini ya trela iliyoharibika, trela limeachwa gizani halina hata taa moja, wameweka tu matawi barabarani kama wanavyoweka siku zote na matawi yenyewe yalishasagwa na magari. Tulikimbia watu wanne. Mimi, mzee mmoja wa msikitini aliyekuwa amekuja kuchukua daku yake, kijana wa kwaya ya kanisani kwetu anayelinda malori usiku, na kijana mwingine wa bodaboda. Ndani ya gari walikuwa watu watatu. Dereva alikuwa anaongea. Kijana wa mbele mguu ulikuwa umepasuliwa na bati juu ya goti na damu inaruka, haivuji kama ya kidonda cha kawaida, inaruka kwa mapigo. Mama wa kiti cha nyuma alikuwa kimya.

Mimi nilifundishwa huduma ya kwanza mara moja tu maishani, siku mbili, kwenye ukumbi wa kanisa, na mzee yule wa msikiti alikuwa kwenye darasa hilo hilo, tulikaa benchi moja. Tulifundishwa damu kama ile usiingoje, mtu mzima anaweza kuisha dakika chache tu. Nikavua leso nikaizungusha pajani juu ya kidonda, nikaweka mwiko wangu wa chapati nikausokota mpaka ukashika, yule kijana akapiga kelele nikajua bado yuko. Tukaangalia saa kwenye simu tukaiandika kwa makaa kwenye mkono wake, manake daktari lazima ajue ilifungwa saa ngapi. Na mikononi nilivaa nini? Karatasi za mkate. Zile za plastiki, nilikuwa nazo mbili kibandani, nikatia mkono mmoja huku mwingine huku, mzee akafunga na mipira ya kufungia pesa. Ile damu ni ya mtu simjui, na mimi nina watoto.

Simu tulipiga. Namba ya kwanza haikushikwa, ya pili tukaambiwa gari lipo ila mafuta hamna, ya tatu tukaulizwa ajali iko kaunti gani. Ofisi gani sitasema, sikuja kumchongea mtu hapa. Mwisho pikapu ya kubeba nyanya ilisimama, tukatoa kreti, tukawalaza. Kijana alifika Voi akapona na mguu wake anao mpaka leo, alinipigia simu mama yake tukalia wote wawili kwenye simu. Yule mama wa nyuma alifariki njiani, kijana wa kwaya ndo alikuwa amemshika kichwa. Yule kijana hajaimba tena vizuri tangu siku hiyo, akisimama kwenye kwaya anatetemeka, na hakuna mtu aliyewahi kuja kumuuliza mwanangu unalala vipi.

Na huyu wa bodaboda, yeye alitangulia mbele ya pikapu akiwasha taa kuwafungulia njia. Kesho yake akaitwa kituoni aandike maelezo, pikipiki ikabaki huko siku kadhaa, na ile pikipiki ni ya mkopo. Siku hizi ajali ikitokea anazima simu. Mimi siwezi kumlaumu.

Waheshimiwa, hao ndo mavolontia wenu wa dharura kwenye hii barabara. Kila senta kuanzia Mlolongo mpaka Mariakani ina watu kama hao, hawana cheo wala magwanda, wengine wana vyeti vya huduma ya kwanza vilivyokwisha muda na hawana pesa ya kurudia. Ambulensi ni gari zuri na tunaitaka, lakini ambulensi inatoka mjini, na ajali inatokea Taru au Man Eaters au Kiboko, na kati ya ajali na ambulensi kuna dakika ambazo mtu anaweza kufa akiwa amezungukwa na watu mia wanaopiga picha. Mtu moyo ukisimama, ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika nne hivi mpaka sita. Hakuna gari la kaunti yoyote litakalofika Maungu kwa dakika nne. Jirani anafika.

Takwimu za NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, za mwaka 2024 zinasema waliokufa barabarani Kenya nzima ni zaidi ya 4,700. Lakini hao hawakufa siku moja, na hapo ndo shida yetu ya michango inapoanzia. Wakenya tunachanga, Mungu anajua tunachanga. Bomu la ubalozi wa Marekani 1998 watu walifukua kifusi kwa mikono, Mwislamu, Mkristo, Mhindi. Shambulio la duka la Westgate kule Nairobi 2013, kituo cha Oshwal ambacho ni cha Wajaini ndo kiligeuka mahali pa kuhudumia majeruhi na kupumzisha waokoaji, na damu watu walipanga foleni kutoa. Janga kubwa likija mifuko inafunguka. Ila barabara ya Mombasa haiui watu mia siku moja, inachukua wawili leo, watatu Ijumaa, mmoja Jumapili, na kwa wawili watatu hakuna mtu anaitisha harambee. Wanazikwa, tunamwaga mchanga juu ya damu, malori yanapita.

Baada ya ile ajali ya Probox watu wa Maungu walijitahidi. Msikitini Ijumaa ikapitishwa sadaka wakanunua masanduku mawili ya glavu. Kanisani Jumapili ikatolewa bahasha tukanunua bendeji, plasta, mkasi na blanketi moja. Mungu awabariki waliotoa, wengine walitoa shilingi ishirini. Sasa sikilizeni kilichofuata. Glavu zikawekwa stoo ya msikiti zikafungwa kufuli, bendeji zikawekwa chumba cha mchungaji kikafungwa kufuli. Miezi miwili baadaye lori la mbuzi likapinduka alfajiri, mwenye ufunguo wa msikiti amesafiri Mombasa kwa mazishi, mwenye ufunguo wa kanisa simu imezimwa, na mimi nikarudi kwenye karatasi za mkate. Vitu vyote tulikuwa navyo! Viko mita mia mbili kutoka barabarani, vimenunuliwa kwa pesa za watu hao hao, na hatukuvishika. Hapo ndo nilianza kufikiria hii barua.

Ninachoomba ni kimoja, mengine yote yanatoka hapo. Mfuko mmoja wa dini zote kwa ajili ya mavolontia wa dharura wa barabara hii, na sanduku moja kila senta ambalo halina dini. Msikiti usiwe na lake, kanisa lisiwe na lake. Moja.

Mtaniambia dini zikichanganya pesa kutakuwa na maneno. Lakini hii barabara yenyewe inajibu. Pale Makindu gurdwara, yaani hekalu la Masingasinga, iko tangu 1926, ilijengwa na watu waliokuja na kazi ya reli, na mpaka leo msafiri yeyote akiingia anafunika kichwa, anavua viatu na anakula bure, hakuna anayemuuliza anasali wapi. Madereva wa malori wa Kikamba, Wasomali, Waganda wanaoenda bandarini, wote wamekula pale chapati na dengu. Ile si bure kwa maana ya bure, kuna watu wanatoa, dini yao inawafundisha kutenga sehemu ya kumi ya kipato. Alafu ukiteremka huku kwetu unafika msikiti wa Sayyid Baghali pale Mackinnon Road, naye alikuwa mtu wa reli kutoka Punjab, kaburi lake liko pale na wasafiri wanasimama kuomba safari njema, na nimewaona kwa macho yangu wanaosimama si Waislamu peke yao. Kwa hiyo tayari kwenye barabara moja tuna Singasinga anayelisha kila mtu na kaburi la Mwislamu linaloombewa safari na kila mtu, sasa sisi tunashindwa vipi kuwa na sanduku la bendeji la kila mtu?

Mashekhe wetu, najua zaka ina mafungu yake manane na mimi si wa kuwafundisha dini yenu, mzee wa msikiti ndo alinieleza vizuri nikiwa nampimia chai. Akasema zaka waachieni maulamaa waijadili, lakini sadaka mlango wake uko wazi, sadaka inaweza kumfikia yeyote mwenye shida. Basi naomba sadaka ya Ijumaa moja tu kila mwezi. Maaskofu na wachungaji wetu, kila mwaka tunahubiriwa Msamaria Mwema na tunaishia pale alipomfunga yule mtu majeraha. Hatumalizii. Yule Msamaria alimfikisha nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili akampa mwenye nyumba, na akasema ukitumia zaidi nitakulipa nikirudi. Alitoa pesa, na akaahidi nyingine! Ilikuwa ajali ya barabarani ile kwa namna yake, mtu ameumizwa njiani watu wanapita. Kwa hiyo naomba Jumapili moja kwa mwezi ya kumalizia ile hadithi.

Na hii kitu haijaanzia kwetu. Karachi kule Pakistani kulikuwa na mzee anaitwa Abdul Sattar Edhi, alianza na zahanati ndogo 1951, akakaa barabarani kuomba watu wachange, akapata gari moja kuukuu akaliendesha mwenyewe kubeba wagonjwa na maiti, na mpaka anakufa 2016 lilikuwa limekuwa jeshi zima la ambulensi, linabeba Mwislamu, Mkristo, Mhindu, pesa nyingi ni za watu wa kawaida. Hata Israeli, pamoja na yote yanayotendeka kule, kuna shirika la United Hatzalah tangu 2006, mavolontia wake ni Wayahudi, Waislamu, Wakristo na Wadruzi, wanakimbia na pikipiki zenye sanduku la vifaa ili wamfikie mgonjwa kabla gari halijafika, na linaendeshwa kwa michango. Pikipiki! Sisi tuna bodaboda kila kona, zinalala zikingoja abiria.

Sasa magavana, narudi kwenu. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Na katiba hiyo hiyo kwenye jedwali la nne imetaja huduma za ambulensi kuwa ni kazi ya kaunti. Sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023 imeweka mfuko mzima wa dharura. Mimi nashukuru kwa hayo yote, lakini mfuko ule unamlipa mwenye hospitali, na huyu aliyemzuia mtu asife kabla ya kufika hospitali hana hata glavu. Yule kijana wa Probox angefika amekufa, hiyo bima ingelipia nini?

Kwa hiyo kutoka kwenu sitaki mtuanzishie shirika. Nitawaambia ukweli, nikiona jaketi za mavolontia zina picha ya mheshimiwa nitajua imekwisha, manake uchaguzi ukiisha jaketi zinaisha. Tunachotaka ni hivi. Sanduku likipungua tujaziwe kwenye zahanati iliyo karibu bila barua kumi, glavu, bendeji, drip hatutaki manake si kazi yetu, ni vya kuzuia damu na kufungua njia ya hewa basi. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii kama laki moja nchi nzima walipewa mabegi ya vifaa, kwa hiyo njia ya kufikisha kitu mpaka kijijini ipo na mnaijua. Pili mkae magavana wote mkubaliane, ajali ikitokea ambulensi iliyo karibu itoke, lile swali la uko kaunti gani liulizwe baadaye na mahasibu. Kutoka Maungu ukienda kidogo tu uko Kwale, ukirudi uko Taita Taveta, na mtu aliyebanwa chini ya trela hana habari ya mpaka. Tatu, muongee na polisi, aliyesaidia aandikishe maelezo yake pale pale aende nyumbani na pikipiki yake. Hilo halina gharama hata ya shilingi, na ndo litarudisha vijana wengi kuliko pesa.

Na kwa kila shilingi ambayo misikiti na makanisa na mahekalu yatachanga, kaunti iweke ya kwake. Si nyingi. Sanduku la glavu mia moja huku kwetu halifiki elfu moja. Mkanda wa kweli wa kuzuia damu, ule wa kusokota, ni elfu kadhaa lakini unakaa. Mafuta ya bodaboda kukimbiza vifaa ni mia mbili, mia tatu. Kikubwa ni mafunzo, manake Msalaba Mwekundu na St John wanafundisha vizuri lakini mwalimu anakula, analala, anasafiri, na cheti kina muda wake lazima mtu arudie. Na bima ya ajali kwa mavolontia wenyewe, manake tunasimama katikati ya lami usiku tukipunga tochi ya simu, siku moja mmoja wetu atagongwa. Na mtu wa ushauri nasaha, hata aje mara moja kwa miezi mitatu, akae na vijana kama yule wa kwaya. Hilo msilione la ziada. Sisi tumeshika watu wakikata roho alafu asubuhi tunakaanga mandazi.

Kuhusu pesa zenyewe, najua mnawaza, manake hata mimi nimechangia vitu vingi vikapotea. Akaunti iwe moja kwa kila kaunti, watia sahihi wawe watatu wa dini tofauti na mmoja awe mwanamke, na asiwepo mwanasiasa. Peibili ya M-Pesa iandikwe kwenye mlango wa msikiti, wa kanisa, wa gurdwara, ile ile moja, ili dereva aliyesimama kuomba safari njema aweze kutuma hamsini yake akiwa bado na viatu mkononi. Na kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe mlango huo huo, imeingia ngapi, glavu ngapi, mafuta ya nani. Sisi wauza chai tunajua hesabu, mkitudanganya tutaona. Na ufunguo wa sanduku usiwe na mtu. Sanduku likae petroli steshen au kwenye kibanda kinachokesha, mahali pana taa na mlinzi, wala lisifungwe. Mtu ataiba bendeji? Akiiba ameumia, mwacheni.

Mkitaka kuanza na mahali padogo muone kama inawezekana, anzeni na kipande chetu, Voi mpaka Taru. Mzee wa msikiti ameshakubali, mchungaji wetu ameshakubali, na tumepata mtu wa kutupeleka Makindu kuongea na wazee wa gurdwara. Watu kumi na mmoja wameshajiandikisha kwenye daftari langu la madeni ya chai, ukurasa wa nyuma, saba Waislamu na Wakristo wanne, wanawake ni watano. Kila mmoja ameandika namba ya simu na saa ambazo yuko macho. Hatujui nyinyi mtajibu lini kwa hiyo tumeshachanga wenyewe, tuna elfu tatu na mia nne, na sanduku la mbao ambalo fundi wa hapa ametutengenezea bure akapaka rangi nyeupe. Ndani yake sasa hivi kuna jozi sita za glavu, bendeji nne, mkasi, blanketi, tochi, na leso yangu moja nzito na mwiko, nimezifunga pamoja.

Kibanda changu siku hizi kiko wazi usiku kucha, mkono wa kushoto ukitoka Voi, mkipita na misafara yenu simameni. Chai ipo na sanduku mtaliona hapo hapo chini ya meza.

Ni mimi mama chai wa Maungu, pamoja na wenzangu kumi